Shati la Kuchezea Ng'ombe

Muuza nguo wa siku hizi ana mkasi mkubwa, na ana kipimo cha chuma kilichopigiliwa mezani, lakini bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, bado haikati. Huitia mkasi pembeni kidogo, alama tu, kisha akaishika huku na huku na kuipasua kwa mikono miwili. Chwaaa! Mlio mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, na vumbi jembamba la wanga linapanda puani.

Juzi nilikuwa dukani Wete nikinunua bafta, na mlio huo ukanikuta sijajiweka tayari. Nikacheka. Nikacheka hata yule kijana akaacha kazi akaniuliza, "Bibi, kuna nini?" Ningemwambia nini mtoto wa watu? Wengine wakisikia bafta inachanika, husikia bafta. Mimi husikia zumari, na watu wanapiga kelele. Nikamlipa, nikatia kitambaa changu mkobani, nikatoka. Nyinyi nitakuelezeni, maana mna nafasi ya kusikiliza na hamniuzii kitu.

Tulikaa karibu na Gando, miaka michache kabla ya Mapinduzi, katika nyumba ya udongo yenye ua wa makuti nyuma. Tulikuwa watatu tu. Mama yangu, ambaye watu walimwita Bi Salama. Mimi, Mize, mtoto wake wa pekee. Na Mjomba Faki, mdogo wake Mama. Baba alitangulia mbele ya haki nikiwa bado nabebwa, kwa hiyo sikumjua ila kwa jina, na kwa kanzu yake moja ya bafta iliyolazwa chini kabisa ya sanduku, imetiwa karafuu kavu mikunjoni ili wadudu wasiingie. Sanduku likifunguliwa, chumba kizima kilinukia karafuu. Mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya Baba.

Mama na Mjomba walifiwa na mama yao Mjomba akiwa hajamaliza kuota meno. Mama ndiye aliyembeba, akamlisha uji, akamwogesha, naye mwenyewe bado mtoto. "Huyu sikumzaa," alikuwa akisema, "lakini ubavu wangu unamjua." Wakati ninaousimulia, Mjomba alikuwa kijana barobaro, mpanda mikarafuu na minazi, mabega mapana, kicheko kikubwa, na ndiye mwanamume wa nyumba yetu. Samaki akiingia jikoni, kaletwa na yeye. Paa likivuja, anapanda yeye. Nami nilimpenda kuliko halwa, na halwa nilikuwa naipenda sana.

Cherehani hatukuwa nayo. Cherehani ilikuwa mjini, barazani kwa fundi, na tukipita mimi nilisimama kuitazama mpaka nivutwe sikio. Mama alishona kwa mkono, alasiri, akishamaliza mambo ya jikoni, juu ya mkeka uani penye mwanga. Vyombo vyake vilikuwa ni kidonge cha uzi mweupe, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha blanketi, mkasi uliochoka, na subana ya shaba, kile kikofia kidogo cha kuvaa kidoleni ili sindano isikutoboe. Ile subana niliitamani kwa roho yangu yote. Nilipoijaribu kwa kuiba ilinipwaya, ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya mtungi.

Siku Mama aliponiita, "Mize, njoo ukae kitako hapa, leo utashona," nilikwenda mbio hata nikapiga teke ungo wa muhogo mkavu. Nilidhani nitapewa gauni nishone. Nikapewa tambara la marekani lililokuwa likipangusiwa taa.

Somo la kwanza lilikuwa fundo. Unalowesha ncha ya uzi mdomoni, unaipenyeza katika tundu la sindano, unazungusha mwisho wake kwenye kidole cha shahada, unasokota, unavuta. Mama akasema, "Uzi bila fundo ni mgeni, haukai." Maneno hayo yalinipendeza sana. Nikawa namwambia kila apitaye, nikawaambia na kuku.

Baada ya fundo nikafundishwa bandi, ule mshono wa hatua ndefu wa kushikiza nguo isihame tu, unaopigwa upesi na kutolewa upesi. Kisha nikafundishwa kukunja pindo, kisha kutia kiraka. Mjomba alikuwa mteja wetu mkubwa wa viraka, maana mkarafuu hauna adabu na suruali ya mtu. Kiraka kilitaka kukatwa kikubwa kuliko tundu, kingo zikunjwe ndani, nyuzi za kitambaa zilale upande mmoja na za nguo, kisha ndipo ushone pembe kwanza. Nilishona kiraka changu cha kwanza kwa ustadi wa ajabu, ulimi nje, jasho puani, na nilipomaliza nikasimama kumpelekea Mama. Suruali ya Mjomba nayo ikasimama pamoja nami. Nilikuwa nimeishona na gauni langu, vizuri kabisa, kwa fundo mbele na fundo nyuma.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akasema neno ambalo mwaka ule nililisikia kuliko jina langu. "Fumua."

Fumua! Pindo limekwenda mrama, fumua. Uzi umekazwa mno nguo imejikunyata, fumua. Nilikuwa nanuna, mdomo unafika kifuani, lakini nilifumua, na nikirudia ilikuwa bora. Haikunichukua muda nikapanda daraja, nikafundishwa mshono wa nguvu: sindano inatangulia mbele, kisha inarudi nyuma kumshika mwenzake, ndipo inakwenda tena. Mshono huo ukiuvuta hausogei. Mama alinishikisha kitambaa upande mmoja akashika mwingine, tukavutana kama watoto wanaogombea kanga, nacho hakikuachia. Nilijiona fundi. Nilitaka dunia nzima ichanike nipate kuishona.

Basi nilikuwa katika hali hiyo, sindano inaniwasha mkononi, ndipo habari ya mchezo wa ng'ombe ilipoingia kijijini.

Kama hukulelewa kwetu, pengine hujui. Karafuu zikishaanuliwa, upepo wa kaskazi unapovuma na watu wana nafasi, hutangazwa mchezo. Huletwa fahali, akafungwa kamba ndefu ya usumba wa nazi ambayo wanaume wa haja huishika ncha, zumari ikalia, na vijana wakaingia uwanjani mmoja mmoja na nguo mkononi kumchezea: kumwita, kumpigia makofi, kumngoja mpaka karibu, kisha kumkwepa. Ng'ombe hachomwi wala hauawi. Mchezo ukisha hurudi kwao akala majani. Anayeweza kuumia ni mwanaadamu. Kijana aliyecheza vizuri huimbwa na wanawake mwaka mzima, na aliyekimbia huimbwa pia.

Ng'ombe wa mwaka ule alikuwa maarufu. Jina lake Kimya, kwa sababu hakuwa akilia wala kukwaruza ardhi kama wenzake. Alikuwa anakuja tu. Mwaka uliopita alimvunja mtu mbavu. Sisi watoto tulimwigiza barabarani asubuhi na jioni, kila mtu akitaka kuwa Kimya, hakuna aliyetaka kuwa mwenye mbavu.

Mjomba Faki akasema ataingia.

Alisema wakati wa chakula, macho kwenye sahani. Mwaka uliopita Mama alimkataza, wakagombana, naye akatoka nyumbani bila ya kula, akaenda kucheza hivyo hivyo na njaa yake na hasira zake, akarudi na goti limevimba. Kwa hiyo nilingoja vita. Mama, aliyekuwa akimenya muhogo wa jioni, hakupigana. Alisema tu, kama anayemwambia muhogo, "Sikio la kufa halisikii dawa," akaendelea kumenya. Nilifurahi mno kuona mambo yamepita salama. Tulikuwa tunakwenda mchezoni!

"Sasa dada," akasema Mjomba, sauti imekuwa tamu, "sina hata cha kuvaa. Shati langu lote viraka. Watu watasema n'meingia uwanjani na ramani."

Mama akaweka kisu chini. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Harufu ya karafuu ikatufikia hata uani. Akatoka na kanzu ya Baba.

"Hii ukosi wake umekwisha, lakini chini bado nzima," alisema. "Tutaikata shati. Atakushonea Mize."

Jamani! Mimi! Niliinuka nikakaa, nikainuka tena. Mjomba akanitazama akacheka kile kicheko chake kikubwa.

"Haya fundi wangu. Basi n'shonee imara, mjomba. Nikitoka uwanjani n'takubeba begani, n'waambie watu wote, huyu ndiye alon'shonea."

Mjomba hakujua aliniwekea moto gani. Tangu hapo nilikuwa silali vizuri kwa raha. Nilijiona juu ya lile bega, wanawake wanapiga vigelegele, wale watoto wenzangu walionicheka nilipojishona na suruali wako chini wananitazama wakiwa wamekodoa macho. Kila mshono niliotia kwenye shati lile niliutia kwa ajili ya bega hilo.

Kukata alikata Mama mwenyewe. Aliitandaza kanzu mkekani, akampima Mjomba kwa shubiri zake, mabega, kifua, mkono, kisha akatia alama kwa kipande cha mkaa. Sehemu ya juu ikawa kiwiliwili cha shati, ukosi uliochakaa ukakatwa. Sehemu ya chini, ile iliyokuwa ikipiga vifundo vya miguu ya Baba, ikawa mikono. Kitambaa kikuukuu hupasuliwa vizuri kuliko kukatwa, kwa hiyo Mama alitia mkasi pembeni, akaishika huku na huku, akavuta. Chwaaa. Nilimwona akifumba macho kidogo. Kisha akanipa.

Nilishona mbavu za shati kwa mshono wa nguvu, sindano mbele, sindano nyuma, mpaka kidole kikawa na shimo. Mama alinivalisha subana yake, akaijaza pamba ndani isinipwaye. Nikashona ukosi. Nikakunja pindo, likanyooka, wala sikuambiwa nifumue. Ikabakia mikono tu. Mkono wa shati ndio kazi ngumu, kwa sababu unashonwa kwa mviringo, na pale kwapani inatiwa pembe ndogo ya kitambaa, kikwapa, ili mtu aweze kuinua mkono. Nilikitia kikwapa kama nilivyofundishwa. Nikatunga uzi mpya, nikatia fundo zuri, nikaanza bega la kulia.

"Hapo usishone hivo," akasema Mama. "Hapo piga bandi."

Nilijua bandi hupigwa kwanza, kisha mshono wenyewe hufuata juu yake. Nikapiga bandi. Nilipomaliza kuzunguka nikatunga uzi kwa ajili ya mshono wenyewe. Mama akanitoa sindano mkononi.

"Basi, yatosha."

"Itatoka, Mama!"

"Haitatoka. Na hilo fundo ulotia mwanzo, likate."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama yangu, mwenye kusema uzi bila fundo ni mgeni! Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kwa adabu lakini si kwa adabu nyingi. Alichukua mkasi, akalikata fundo langu, akanirudishia shati.

"Fumua hatua zile fupi. Zifanye ndefu. Na mkono wa pili vivyo hivyo."

"Lakini Mjomba kasema imara!"

"Mize. Fanya uambiwavyo."

Nikafanya. Nilishona mikono ile miwili huku machozi yananidondoka juu ya bafta, maana nilikuwa na hakika ya jambo moja: Mama haniamini. Kiwiliwili kanipa kwa sababu hakionekani, mikono ambayo itaonekana na watu wote kaona nitaiharibu, basi anataka ishikizwe tu, labda aje aishone mwenyewe kwa siri nisimwone. Nikangoja aishone. Hakuishona. Shati likapigwa pasi ya makaa likaning'inizwa ukutani, jeupe, zuri, na ni mimi na Mama peke yetu tuliojua kwamba mikono yake imekaa kwa hisani tu.

Mjomba alipolijaribu alifurahi, akanyoosha mikono juu kujitanua. Mama akamchapa kofi la mgongoni. "Wee! Nguo mpya hainyooshewi! Ivue, utaivaa uwanjani." Akaivua kama mtoto mdogo.

Siku ya mchezo tulitoka mapema, na njia nzima imejaa watu. Kila mwanamke na kanga mpya, nyingine bado zinanuka duka. Wauza njugu, wauza mabungo, watu wa mbali kabisa, hata wa Msuka walikuwako, na tukiwa bado kwenye mihogo tulianza kuisikia zumari, inalia kama inamwita mtu kwa jina lake. Miguu yangu haikutaka kutembea, ilitaka kuruka. Uchungu wa ile mikono ya shati niliusahau. Kwani nani ataijua? Nilijipitisha kwa wenzangu wote, na kila niliyemkuta nilimwambia, "Shati atakalovaa Mjomba nimeshona miye. Miye peke yangu." Asiyeniamini nilimwonesha kidole kilichotoboka.

Mama hakuwa na desturi ya kwenda mchezoni. Siku ile alikwenda, na hakukaa nyuma pamoja na wanawake wenziwe; alijipenyeza mpaka mbele kabisa, akanishika mkono, akanibana.

Kimya akaletwa. Mweusi, mfupi wa miguu, shingo nene. Hakulia. Wakaingia vijana wawili watatu, wakamchezea kidogo kwa mbali, wakatoka wakichekwa. Kisha akaingia Mjomba Faki na shati langu.

Wallahi alikuwa mzuri! Jua lilipiga ile bafta ikang'aa uwanja mzima. Wanawake wakapandisha sauti. Mjomba akampigia ng'ombe makofi, akainama, akamwita, Kimya akaja, Mjomba akageuka kwa kisigino, ng'ombe akapita. Watu wakanguruma. Akamwita tena, karibu zaidi, akapita tena. Mimi nilikuwa napiga mayowe, "Mjomba! Mjomba!" nikidhani ananisikia. Mara ya tatu Mjomba alimgeuzia ng'ombe mgongo ili kuwaonesha watu meno yake.

Kimya hakupita. Aliinua kichwa, na pembe ikaingia ndani ya mkono wa shati, pale kwapani, kwenye kikwapa changu. Nikamwona Mjomba ameondoka ardhini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vinatafuta mchanga haviupati. Uwanja wote ukanyamaza, zumari ikakatika, nikasikia kucha za Mama zinaingia kwenye nyama ya mkono wangu.

Kisha, chwaaa.

Mjomba akaanguka huku, ng'ombe akaenda kule. Akaenda mbio mpaka mwisho wa kamba, na juu ya pembe yake mkono mweupe wa shati unapepea, mzima, haukupasuka hata kidogo. Mjomba akabingirika, akainuka, akajishika kifua, akajitazama. Bega moja lilikuwa na nguo, la pili tupu.

Kwanza watu walipumua, wote kwa pamoja. Halafu wakacheka. Sijapata kusikia kicheko cha namna ile tena, watu walikaa chini kwa kucheka. Na mwanamke mmoja, Mungu amsamehe, akatunga wimbo hapo hapo, na wenziwe wakaupokea:

Kimya kavaa mkono, mwoneni!
Faki karudi na bega, mpokeeni!

Nikageuka kumtafuta Mama anifiche. Mama alikuwa anapiga vigelegele. Mama yangu, ambaye harusini huketi kimya na kanga mdomoni, alikuwa amesimama mbele ya umma wote anapiga vigelegele, na machozi yanamtiririka, na anacheka. Nikajua ananicheka mimi. Nilijifunika uso, na kila aliyepita nilimsikia akiuliza, "Shati lile kashona nani?" Wenzangu hawakuhitaji kuuliza, nilishawaambia wote.

Njiani kurudi nilitembea nimejificha ubavuni mwa Mama. Mjomba alikuwa nyuma yetu na rafiki zake, akitembea polepole, mkono mmoja ubavuni.

Nyumbani Mama akamkalisha uani, akalifungua shati. Chini ya kwapa, kuelekea mbavu, palikuwa na mchubuko mrefu mwekundu, pembe imepita juu ya ngozi na haikuzama. Mama akaukanda kwa maji ya chumvi. Hakugomba. Mjomba naye alijaribu mzaha. "Fundi wangu, mbona mkono wako mwepesi? Umenivua nguo mbele ya watu."

Hapo nikapasuka. Nikalia kwa sauti, nikasema si mimi, nilitaka kushona imara, nilitia na fundo, Mama ndiye aliyelikata, Mama ndiye aliyesema bandi, muulize mwenyewe!

Mjomba akaacha kucheka. Akamtazama Mama. Mama alikuwa ameinama, anakanda, hainui macho. Mjomba akamtazama muda mrefu, kisha akautazama ule mchubuko wake, kisha akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa bega la Mama, likakaa pale. Mtu mzima yule, mwenye mabega yale. Mama akamwambia, "Tulia, maji yanamwagika."

Watoto walikuwa wameuleta mkono wa shati, umejaa mate ya ng'ombe. Kesho yake Mama aliufua, akauanika, akanipa pamoja na sindano. "Mtilie tena mjombako."

"Kwa fundo?" nikauliza, sauti imejaa kisirani.

Alijibu Mjomba, kutoka mlangoni. "Bila fundo, mjomba."

Nikaona wote wawili wamekula njama dhidi ya ufundi wangu. Lakini nilishona. Mjomba Faki alicheza ng'ombe miaka mingine baada ya hapo, mpaka alipooa na mkewe akamzuia, na shati lake lilikuwa lile lile, na kila mwaka mikono yake ilipigwa bandi upya. Hakuniambia tena nimshonee imara. Nilikuja kuwa mkubwa, nikashona magauni ya harusi na kanzu za watu wa heshima, nikanunua cherehani, na bado nilikuwa nikikumbuka siku ile nauma meno kwa aibu.

Siku moja, Mama amekwisha kuwa mzee, nilimwuliza. Nilikuwa namtilia kiraka gauni lake, maana alikataa jipya. Nikamwambia, "Mama, si ungemkataza tu?"

Akafikiri. "Nilimkataza mwaka wa nyuma, akaenda na hasira. Mwenye hasira hamwoni ng'ombe." Akalichezea pindo la gauni kwa vidole. "Nikasema, heri nimpe radhi aende kwa furaha. Lakini nguo yake n'ijue miye."

Ndipo nikaelewa, nami nimeshazaa na nimeshaogopa kama wazazi wanavyoogopa. Mama hakuwa na shaka na mkono wangu hata kidogo. Angekuwa na shaka nao asingenipa kazi ile, asingeniachia mimi, mtoto, kupima hatua za uzi uliokuwa kati ya ndugu yake na pembe. Mimi nilitaka kubebwa begani kwa shati lisilochanika. Bega lenyewe lilibaki zima kwa sababu shati lilichanika.

Mama hayupo tena, wala Mjomba, Mungu awarehemu. Ile subana ya shaba ninayo, na siku hizi inanibana.

Ile bafta ya juzi nimemnunulia mjukuu wangu. Ana mabega ya Mjomba Faki na kicheko chake, na wiki iliyopita alikula kwangu macho yakiwa kwenye sahani, kisha akasema mwaka huu ataingia uwanjani. Wazee wake wamepiga kelele. Mimi nilimwambia nitamshonea shati. "Bibi, mafundi wamejaa mjini," akasema, "macho yako yatachoka bure." Nikamwambia shati hilo halishonwi kwa mashine.

Akanibusu mkono. "Basi n'shonee imara, bibi."

"N'takushonea," nikamwambia.

Mbavu nimeshamaliza, mshono wa nguvu, sindano mbele, sindano nyuma, na ukosi umekaa vizuri. Leo natia mikono. Nimetunga uzi, nimeukata, na ncha yake nimeiacha ilivyo.